Taja bei, taja komini: video inayouza mjini Lubumbashi inavyotengenezwa

Chini ya posti nyingi za biashara za Lubumbashi kwenye Facebook utakuta swali moja limerudiwa mara kumi, mara ishirini: «Iko ngapi?» Na chini ya kila swali jibu la muuzaji ni lilelile: «Njoo inboksi.» Mauzo mengi ya mtandaoni yanafia hapo. Aliyeuliza alikuwa ameshasimama, ameangalia, amependa, na ameandika kwa mega (bando la intaneti) alizonunua mwenyewe. Alichokosa ni bei tu. Anasogeza kidole, na posti tatu mbele anamkuta mwingine anayeuza kitu hichohicho, bei imeandikwa juu ya picha.

Tatizo la wafanyabiashara wengi wa mjini hapa si kamera mbovu wala uchache wa wafuasi. Wanatengeneza video ili itazamwe, halafu wanaitegemea iuze. Video inayouza hupangwa kuanzia upande wa pili: unaanzia pale mteja anapobonyeza namba ya siri kutuma avansi (malipo ya awali), unajiuliza alihitaji kujua nini kabla ya kubonyeza, ndipo unarudi nyuma hadi sekunde ya kwanza ya picha. Anayefanya hivyo anaweza kuishi na watazamaji mia tatu. Asiyefanya hivyo, hata laki moja hawatamlipia kodi ya duka.

Tuanze na hao watazamaji wenyewe, maana namba inayoonekana chini ya video imewapotosha watu wengi. TikTok huhesabu mtazamo mara tu video inapoanza kucheza. YouTube nayo ilianza kuhesabu hivyo kwa video zake fupi tangu tarehe 31 Machi 2025. Facebook kwa miaka mingi ilihesabu kuanzia sekunde tatu. Kwa hiyo unaposoma 10 000, ndani yake wamo waliopita bila hata kusikia neno la kwanza. Wamo pia watu wa Kinshasa, Bujumbura na Dar es Salaam, ambao hata wangependa vipi hawawezi kuja Kamalondo kupimwa gauni.

Halafu kuna matumaini kwamba watazamaji wenyewe watalipa. Mpango wa TikTok wa kuwalipa watengenezaji video unataka wafuasi 10 000, mitazamo 100 000 katika siku 30, na video yenye zaidi ya dakika moja. Na juu ya hayo yote uko wazi kwa nchi chache, Kongo haimo. Fundi wa Katuba anayeacha cherehani kwenda kucheza muziki unaovuma ili apate namba kubwa, anakimbiza mshahara ambao nchini kwetu haulipwi. Pesa yake iko kwa mama wa kartie (mtaa) ya pili anayetafuta mtu wa kumshonea kabla ya Jumamosi.

Kutafuta namba kubwa kwa vichekesho kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Mtandao hujifunza nani anapenda kazi yako. Ukiwavuta watu kwa kichekesho, wiki inayofuata gauni lako litaonyeshwa kwanza kwa wapenda vichekesho, nao watalipita, na mtandao utaelewa kwamba gauni halivutii. Akaunti nyingi zenye wafuasi wengi na mauzo madogo zimeharibikia hapo, na kuzirekebisha huchukua miezi ya kuweka kazi tupu bila kukata tamaa.

Maswali ya kweli yamo ndani ya simu yako

Usikae kubuni mawazo ya video. Fungua WhatsApp, soma mazungumzo hamsini ya mwisho na wateja, na uandike kwenye karatasi maswali kama walivyoyauliza, kwa maneno yao. Karibu kila biashara itapata yaleyale: «Iko ngapi?» «Muko wapi?» «Munafika ku Ruashi?» «Inaisha siku ngapi?» «Nikitoa avansi na kazi isiponipendeza?» Baada ya hapo kuna maswali ya fani: anayeuza nywele ataulizwa kama inafuliwa, anayepika kwa sherehe ataulizwa sufuria moja inatosha watu wangapi. Hesabu kila swali limekuja mara ngapi. Linaloongoza ndilo video yako ya kwanza, la pili ni ya pili. Karatasi hiyo moja inaweza kukupa kazi ya mwezi mzima.

Bei inastahili maneno mengi zaidi, kwa sababu ndiyo inayofichwa kuliko yote, na wanaoificha wana sababu zao. Wa kwanza anaogopa mshindani. Mshindani anajua bei yako tayari. Anatuma mdogo wake kuuliza. Wa pili anasema bei inategemea. Ni kweli, basi sema inategemea nini. Fundi anaweza kusema hivi: «Tuseme umekuja na kitambaa chako, demi-piesi ya yadi 3. Gauni fupi bila bitana, ushonaji ni dolari 15. Ukitaka bitana na zipu ya nyuma, 20. Ukitaka ya sherehe ya mikono mirefu na shanga, inahitaji piesi nzima ya yadi 6, na inaanzia 35.» Katika sekunde kumi na tano mteja ameshajipanga mwenyewe. Mwenye dolari 10 ameondoka bila kukupotezea jioni, na mwenye 35 anakuja akijua anachokuja kununua.

Wa tatu anaficha bei kwa sababu anataka kupatana. Lubumbashi watu wanapatana, hilo halitabadilika kwa sababu ya intaneti. Lakini mapatano yanataka pa kuanzia. Anayekuuliza «bei ya mwisho» akiwa ameshaona 20 anazungumzia 18. Anayeuliza bila kuona chochote anazungumzia 8, kisha mnaudhika nyote wawili.

Kuna pia suala la franga na dolari. Mwaka 2025 franga ilipanda thamani kwa haraka mbele ya dolari, na video zilizokuwa zimetaja bei kwa franga tu zikawa uongo ndani ya wiki chache. Kazi inayotegemea bidhaa za kutoka nje, kupitia mpaka wa Kasumbalesa au kwa ndege, itaje dolari na iongeze maneno «au franga kwa kiwango cha siku». Chakula, saluni na usafiri vitaje franga, na tarehe iandikwe kwenye maelezo ya video. Tarehe hiyo itakuokoa mtu atakapofufua posti ya mwaka jana.

Kuhusu mahali, «tuko Lubumbashi» halijibu swali. Mji una komini (wilaya za mji) saba, na kutoka Ruashi hadi Golf ni safari ya kupangia siku. Taja komini, taja barabara, taja kitu ambacho kila mtu anakijua karibu yako, sema taksibisi ya wapi inashusha hapo. Kama unapeleka mzigo kwa moto (pikipiki), sema gharama ya moto kwa kila komini na nani anailipa. Mtu wa Annexe akisikia jina la kwao limetajwa pamoja na bei ya moto, umeshamtoa kwenye kundi la watazamaji.

Video moja, sekunde 45

Tuchukue fundi wa umeme wa jua, kwa kuwa katika mji ambao SNEL, shirika la umeme, inakata mara kwa mara wateja wake wako kila kartie, na bado wengi wa mafundi hawa huweka picha ya paneli iliyopigwa China na maneno «Qualité supérieure». Video yake ingeweza kwenda hivi.

Sekunde tatu za kwanza: nyumba usiku, jirani giza, ndani taa zinawaka. Sauti: «Taa tano, televisheni na simu tatu. SNEL haipo tangu asubuhi.» Hakuna nembo inayozunguka, hakuna muziki mrefu wa kuanzia, hakuna «karibuni kwenye ukurasa wetu». Anayepita haraka anaamua katika sekunde hizo, na kilichomsimamisha ni kuona hali anayoijua.

Sekunde ya 4 hadi ya 12: vifaa vyenyewe, vya kazi hiyohiyo, na lebo ikisomeka kwa karibu. Paneli ya wati 200, betri ya lithiamu ya volti 12.8 na Ah (ampea-saa) 100, na inveta yake, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani. Lebo isomeke kweli, kwa sababu wateja wengi wameshauziwa betri isiyo na nguvu iliyoandikwa.

Sekunde ya 13 hadi ya 26: hesabu, ikiandikwa kwa kalamu kwenye karatasi huku sauti ikieleza. Taa 5 za wati 9 kwa saa 5 ni Wh 225, yaani wati mara saa. Televisheni ya wati 60 kwa saa 4 ni 240. Simu tatu, kila moja kama 15, ni 45. Jumla ni Wh 510 kwa usiku. Betri hiyo inabeba Wh 1 280 (volti 12.8 mara Ah 100), hivyo hata ukitoa kinachopotea kwenye inveta, usiku unapita na akiba inabaki. Anayeuza betri ya risasi ya Ah 100 aseme wazi kwamba nusu tu ndiyo inatumika bila kuiua mapema, yaani kama Wh 600. Usiku mmoja unapita, wa pili hauna uhakika.

Sekunde ya 27 hadi ya 34 ndiyo sehemu ambayo mafundi wanaiogopa, nasi tunaisisitiza kuliko zote: sema kile mtambo huu hauwezi. «Pasi, hapana. Resho ya kupikia, hapana. Friza, hapana, hiyo ni mtambo mwingine.» Mteja akisikia hapana tatu, ile «ndiyo» ya taa na televisheni anaiamini. Na usiposema, kuna mtu atachomeka pasi ya wati 1 000 siku ya tatu, inveta itazima au kuungua, naye atarudi kwenye maoni ya video yako kuandika kwamba wewe ni mwizi. Ujumbe huo mmoja utasomwa na kila mteja atakayekuja baadaye.

Sekunde ya 35 hadi ya 41: bei na kilichomo ndani yake, yaani waya, kazi ya kufunga, dhamana ya miezi mingapi na dhamana hiyo inagusa kifaa gani. Sekunde nne za mwisho: komini, na tendo moja tu. «Andika TAA kwa WhatsApp, utuambie komini yako na vitu unavyotaka kuwasha.» Ukimwambia mtu apende, atoe maoni, asambaze, afuate na apige simu, hatafanya hata kimoja.

Na usifute swali lililobaki. Mvua za Lubumbashi zinaanza karibu Novemba na kuendelea hadi Machi, na mnunuzi mwerevu atauliza wiki ya mawingu itakuwaje. Hiyo ni video ya pili, ya sekunde 30: paneli ya wati 200 katika saa nne za jua zuri inatoa kama Wh 800 kabla ya hasara, siku ya mawingu mazito inaweza kutoa nusu au chini yake, basi Januari punguza saa za televisheni au ongeza paneli ya pili. Ndani ya jibu hilo umeuza paneli ya pili bila kumsukuma mtu.

Mambo ya kurekodi hayahitaji kurasa. Simu wima, pikseli 1080 kwa 1920, fremu 30 kwa sekunde. Nuru ikuangalie wewe, isiwe mgongoni. Sauti ni muhimu kuliko picha: watu huvumilia picha ya wastani, hawavumilii jenereta ya jirani ikifunika maneno, hivyo nunua kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye shati kabla ya kununua taa ya duara. Andika maneno makubwa juu ya picha, kwa kuwa wengi hutazama bila sauti wakiwa kazini au ndani ya bisi, na uyaweke katikati, maana sehemu ya chini na pembeni kulia hufunikwa na vitufe vya mtandao. Bei nyingi zimejificha chini ya vitufe hivyo bila mwenyewe kujua. Nakala ya WhatsApp ipunguze hadi 720. WhatsApp itaibana hata hivyo, na mteja asiye na mega nyingi ataifungua bila kusita.

Lugha? Ongea kama unavyoongea na mteja dukani. Kuna wauzaji ambao wakiwasha kamera wanahamia Kifaransa cha hotuba, halafu kwenye simu wanauza kwa Kiswahili. Mteja wa komini ya Kenya au ya Katuba akisikia hotuba ile anajitoa mwenyewe, akidhani duka si la watu wa kipato chake. Kifaransa kiwekwe kwenye maandishi pale unapotafuta ofisi, makampuni ya migodi na mashule, ambao wataomba fakture (ankara).

Kutoka video hadi avansi

Hapa ndipo kazi ya video nzuri inapotupwa. Mtu ameandika, na jibu linakuja kesho yake: «Bonjour, tukusaidie nini?» Alishasema anachotaka, sasa anaanza upya.

WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018 na isiyolipiwa, ina vitu vinne vya kutosha. Cha kwanza ni kiungo cha wa.me: unaandika wa.me/243, kisha tarakimu tisa za namba yako, bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Ukiongeza ?text= na maneno, mteja akibonyeza anakuta ujumbe umeshaandikwa. Weka maneno tofauti kwa kila video: «Jambo, niko na swali juu ya taa, video 3». Bila kuuliza mtu yeyote utajua ni video gani ilimleta. TikTok huruhusu kiungo kwenye profaili ya akaunti ya kawaida baada ya wafuasi 1 000. Kabla ya hapo, namba iandikwe juu ya video yenyewe na ibaki kwenye kioo sekunde tano nzima.

Cha pili ni majibu ya haraka: unayahifadhi, unabonyeza mkwaju (/) na neno moja, jibu zima linatoka. Tayarisha manne au matano, yakianza kwa heshima ya kwetu na yakiisha kwa swali linaloomba tarehe au mahali. «Jambo mama, asante kwa kutuandikia. Gauni ya kitenge yenye bitana ni dolari 20 ya ushonaji, siku 6, kupima ni hapa Kamalondo. Unaihitaji ya siku gani?» Swali la tarehe linamfanya aone siku yenyewe, arusi au misa, na atajibu kwa urahisi. Swali la «ungependa kuendelea?» linamruhusu anyamaze. Mzee akikuandikia kwa sauti, mjibu kwa sauti. Kusoma maandishi madogo si raha ya kila mtu.

Cha tatu ni katalogi, ambayo inabeba hadi bidhaa 500, lakini kumi zenye picha zako mwenyewe na bei zinazidi mia mbili za kuokota. Picha ya kuokota ni deni: ukionyesha gauni lililoshonwa Lagos, mteja atataka lile, kwa mkunjo uleule, na fundi wako hajawahi kulishona. Cha nne ni lebo: «ameuliza», «ametoa avansi», «tayari», «alinyamaza». Walionyamaza waandikie mara moja baada ya siku mbili, na mara moja tena mwishoni mwa mwezi mishahara inapoingia, ukiwa na jambo jipya la kusema: nafasi iliyobaki wiki hii, au rangi iliyofika. Mara ya tatu ni usumbufu.

Avansi nayo ina sheria zake. Ukinunua vitu kwa ajili ya mteja, omba nusu. Kama ni kazi ya mikono tu, theluthi inatosha. Mteja anapotuma kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, jina linatokea kabla hajathibitisha. Kama ukurasa wako unaitwa jina la duka na akaunti imeandikwa kwa jina la shemeji, ataishia hapo, na ana haki. Matapeli ndivyo wanavyofanya. Mwambie mapema jina atakaloliona. Sema pia unapokea upande wa franga au wa dolari, na makato ya kutoa pesa yanabebwa na nani. Wewe nawe usitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe wa uthibitisho kwenye simu ya mtu, kwa kuwa ujumbe huo unaweza kuandikwa na yeyote. Angalia salio kwenye menyu yako. Kisha piga picha ya risiti ya mkono yenye tarehe, kilicholipwa, kilichobaki na siku ya kuchukua, umtumie papo hapo. Risiti hiyo ni maudhui pia. Ukifunika jina na namba, ukaiweka kwenye statu ya WhatsApp, kila anayesitasita anaona kwamba wengine wanalipa na wanaandikiwa.

Kuhusu statu, wengi hawajui kwa nini inaonekana na watu wachache. Statu yako inamfikia mtu ambaye wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Orodha ya matangazo ya WhatsApp, inayobeba namba 256, nayo haiwafikii wasiokuhifadhi. Kwa hiyo kila mazungumzo yaishe kwa ombi la kuhifadhi namba, ukitoa sababu: «Hifadhi namba hii, picha za gauni yako zitapita hapa ikianza kukatwa.» Nawe mhifadhi kwa alama utakayoikumbuka, kama «Mama Kitenge Katuba».

Namba hizo ziandike pia kwenye daftari. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa karibu saa sita. Mwanzoni mwa Februari 2025, vita vilipopamba moto mashariki, watumiaji wa Kongo walikuta TikTok na X zimebanwa. Aliyekuwa na wateja wake ndani ya TikTok tu alikaa bila wateja. Aliyekuwa na daftari alipiga simu.

Daftari hilohilo likupe hesabu ya Jumapili. Safu tano zinatosha: namba ya video, walioandika, waliotoa avansi, pesa iliyoingia, faida. Mitazamo haina safu. Baada ya wiki nne utaona jambo ambalo kioo cha simu hakionyeshi: tuseme video ya 2, yenye mitazamo 9 000, ilileta watu 4 na avansi sifuri, na video ya 5, yenye mitazamo 400, ilileta watu 11 na avansi 5. Rudia ya 5 kwa kitambaa kingine, kwa komini nyingine, kwa mwili mnene na mwili mwembamba. Acha ya 2 hata kama rafiki zako wanaisifu.

Ukisoma daftari, angalia pesa inakwama wapi. Wengi wanatazama na hakuna anayeandika: bei au mahali havikutajwa, au tendo la mwisho halikueleweka. Wengi wanaandika na hakuna anayetoa avansi: majibu yako yanachelewa, au video iliahidi kingine. Wanatoa avansi lakini hawarudi mara ya pili: tatizo liko kwenye kazi yenyewe, na hapo video zaidi zitakuongezea aibu tu.

Tangazo la kulipia lina nafasi yake, baada ya video kuuza bila kulipiwa. Lipia ile ile ya namba 5. Ndani ya Meta, kampuni ya Facebook, chagua lengo la ujumbe wa WhatsApp, usichague kupata laiki, na ufunge eneo kwenye mji na pembezoni zake. Tuseme umeweka dolari 20 kwa siku tano, wameandika 30, sita wametoa avansi, na kila gauni linakuachia faida ya dolari 8. Umepata 48, umetoa 20. Ni biashara. Wakiandika 30 na akatoa mmoja, simamisha tangazo na usome majibu yako upya. Malipo yanataka kadi ya Visa au Mastercard; asiye nayo hutumia mtu wa kati, na hapo pana hatari: mpe ruhusa ya kutangaza tu, usimpe neno la siri wala uongozi wa ukurasa.

Jambo la picha za wateja lichukuliwe kwa uzito. Video ya mama akipokea gauni lake na kujigeuza mbele ya kioo inauza kuliko maneno yako yote. Lakini ni sura yake. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina Sheria ya Masuala ya Kidijitali, inayogusa biashara ya mtandaoni na ulinzi wa taarifa binafsi, na hata bila sheria, mtu ameamini duka lako. Omba ruhusa kwa maandishi ndani ya WhatsApp, usionyeshe geti la nyumba wala namba ya gari, na akibadilisha mawazo, futa siku hiyohiyo. Asiyetaka sura yake ionekane mpigie picha kuanzia shingoni. Kazi itaonekana vilevile.

Mwisho wa yote, pima uwezo wako kabla ya kuweka video. Cherehani mbili na mafundi wawili, gauni moja kwa fundi kwa siku, ni gauni kumi na mbili kwa wiki ya siku sita, na hapo hujahesabu siku umeme unapokosekana. Video nzuri ya Februari, wiki mbili kabla ya tarehe 8 Machi, sikukuu ya wanawake, inaweza kuleta oda arobaini. Kwa wiki mbili unashona ishirini na nne tu, hivyo anayezipokea zote atawaudhi kumi na sita, tena wote kwa siku moja. Chukua kumi kwa wiki, mbili ziwe za dharura, na ya kumi ikiingia weka statu yenye tarehe: «Wiki hii imejaa. Tunapokea kazi za kuanzia Jumatatu ya pili, avansi inafungua nafasi.» Wanaosoma hivyo watatuma avansi ya Jumatatu hiyo, na wewe utakuwa umelala usingizi wako.